Siku Niliyomnyamazisha Shangazi Akat

Watoto wa kijijini kwetu wakitaka kunichokoza huniita Mwalimu wa Mambo Yetu. "Haya, Mwalimu wa Mambo Yetu amefika, leo atatueleza sisi ni akina nani." Hawakosei sana. Kila siku ya shule naendesha gari dakika ishirini na tano hadi shule ya mjini, nafundisha darasa la sita historia ya Wami'kmaq, yaani sisi wenyeji wa asili wa mashariki ya Kanada, desturi zetu na lugha yetu. Darasani wamo watoto wetu saba wanaokuja kwa basi, na watoto kumi na watano wa Kizungu wa mjini, akina MacNeil na akina Campbell, ambao baadhi yao waliniuliza siku ya kwanza kama nyumbani kwetu kuna umeme. Kazi hii naipenda. Nasema mapema, kwa sababu nitakayoyaeleza yanaweza kumfanya mtu adhani naichukia.

Shangazi yangu Akat, dada wa marehemu baba, ndiye aliyenilea tangu nina miaka minne. Mwaka ninaousimulia alikuwa na miaka themanini na moja. Alikuwa mfupi, mnene kidogo, mwenye ulimi usiopoa, mchezaji wa bingo ya redioni aliyetandaza kadi sita mezani kwa mpigo na kumtukana mtangazaji namba zikimkataa. Na kijijini kwetu alikuwa mtu wa mwisho anayeweza kusoma sala za mkesha.

Sala hizo zimeandikwa kwa alama zetu za zamani, zile ambazo wazee husema zinafanana na mikwaruzo anayoiacha samaki wa mtoni akitafuta chakula kwenye matope. Vijiji vingine vina wasomaji wao na vitabu vyao. Sisi tulikuwa na daftari moja, lililonakiliwa kwa mkono na babu yake Shangazi, lenye sala tisa. Mtu akifa kwetu hulazwa nyumbani kwake siku tatu kabla ya kuzikwa, na kila jioni msomaji huketi upande wa kichwa cha marehemu, akasoma sala tatu, nasi tukaitikia. Maitikio tunayajua sote, hata wale wanaokuja msibani kwa ajili ya chai. Sala zenyewe huwezi kuzipata kwa kukodoa macho tu. Alama hazisemi kila neno; zinamkumbusha msomaji kile ambacho tayari amefundishwa kwa mdomo. Asipofundishwa, anaona michoro.

Shangazi alitaka kunifundisha mimi. Alianza kuniambia nilipokuwa na miaka ishirini, nikasema ngoja nimalize chuo. Nilikuwa chuoni nikitafuta cheti cha kufundisha mambo ambayo yeye alikuwa tayari kunifundisha jikoni kwake bure. Baadaye nikasema ngoja nipate kazi. Ngoja nioe. Ngoja nijenge. Ngoja niachane na huyu mke. Nilipofika hamsini na mbili nikamwona siku moja anapanda ngazi tatu za barazani kwake huku akipumzika mara mbili, hofu ikanishika kweli kweli. Sikutaka sala zile ziende naye kaburini.

Mtu mwenye akili angekwenda kukaa naye jikoni. Mimi nikapata wazo la kimwalimu. Mwezi Oktoba shule hutakiwa kuwaalika wazee wetu, basi nikapanga kumleta Shangazi darasani kila Alhamisi. Atawafundisha watoto, nami nitajifunza humo humo, na kati ya wale saba wetu huenda akapatikana mmoja wa kuendelea. Mkuu wa shule, Bi. MacAskill, alifurahi mpaka akapiga makofi.

Kikwazo kilikuwa Shangazi na shule. Alichukuliwa akiwa na miaka sita, yeye na baba yangu, wakapelekwa shule ya bweni iliyoendeshwa na watawa, akatoka huko ana miaka kumi na minne. Walipigwa kwa kusema Kimi'kmaq. Hayo kwetu kila mtu anayajua, maana kila nyumba ilitoa watoto wake. Yeye mwenyewe alinisimulia jambo moja tu, kwamba mlango wa bweni ulifungwa kwa ufunguo kwa nje. Tangu siku aliyotoka hakukanyaga tena shule yoyote. Ripoti zangu alizitia sahihi jikoni. Siku nilipohitimu alibaki nje ndani ya gari, amevaa nguo zake za kanisani, anapiga honi.

Kwetu ukitaka mtu mzima akupe anachokijua, unampelekea tumbaku. Unaiweka mezani mbele yake, unasema shida yako, akiichukua amekubali. Halina mjadala, hata mtoto wa miaka mitano analijua. Mimi nilimpelekea fomu.

"Hii nini tena?" akauliza. Alikuwa anaponda viazi.

"Ni fomu ya polisi, Shangazi. Kila anayekuja kusaidia shuleni lazima wahakikishe hajawahi kufanya kosa dhidi ya watoto."

Akaacha kuponda. "Wanihakikishe mimi?"

"Ni utaratibu tu. Kila mtu anajaza."

"Na wao nani aliwahakikisha?" Akaanza kucheka, akacheka mpaka kikohozi kikamkaba, ikabidi nimletee maji. Alipopata pumzi akajifuta macho. "We Ekien, unajua mwenyewe unachekesha? Shule inataka kujua kama mimi ni mtu hatari!"

Ekien ni jina langu la nyumbani. Kwenye makaratasi naitwa Stephen.

"Na tumbaku iko wapi?" akauliza.

"Nimeisahau kwenye gari."

Garini hamkuwa na tumbaku yoyote. Alinitazama vile alivyonitazama nilipokuwa na miaka saba nikidai kwamba mbwa ndiye aliyekula keki. Halafu akavuta kalamu.

"Naja kwa ajili yako, si kwa ajili yao," akasema akiandika jina lake kwa herufi kubwa. "Na mlango uwe wazi. Muda wote niko humo ndani, mlango uwe wazi."

"Utakuwa wazi, Shangazi."

"Sema tena."

"Utakuwa wazi."

Alhamisi ile alivaa kofia ya mama yake, ile yenye ncha, nyeusi, iliyoshonwa shanga pembeni, na sketi yenye riboni nne. Daftari alilibeba ndani ya foronya. Kwenye mlango mkubwa wa shule alisimama kidogo, akanishika mkono juu ya kiwiko, akaingia. Karani akambandika kifuani karatasi iliyoandikwa MGENI.

"Mgeni!" Shangazi akaniambia kwa lugha yetu. "Muulize yeye alikuja lini."

Sikumtafsiria karani. Nilicheka, na moyo wangu ukatulia, nikaona mambo yatakwenda sawa.

Nayo yalikwenda. Ningependa mtu yeyote anayesoma haya ajue kwamba kwa dakika thelathini na tano yalikwenda vizuri kuliko nilivyowahi kufundisha maishani. Mlango niliufungua wote nikaubana kwa kabari ya mbao. Shangazi alichora alama ya kwanza ubaoni, akawaambia watoto jinsi inavyotamkwa, wakarudia. Akachora ya pili. Mtoto mmoja, MacNeil, aliichora kwenye karatasi yake, Shangazi akaiinua juu ili wote waione.

"Huyu ni kuku," akasema. "Kuku amelewa. Chora tena, mwanangu."

Darasa zima likaangua kicheko, na huyo MacNeil akacheka kuliko wote, akachora tena. Mbele kabisa aliketi Shaylene Isadore, mjukuu wa mzee Isadore mvuvi wa mikunga, wale samaki warefu kama nyoka, msichana wa miaka kumi na mmoja anayetafuna mkono wa sweta lake na kusema labda maneno matano kwa wiki. Alikuwa ameacha kutafuna. Shangazi alisoma mstari wa kwanza wa sala ya kwanza, polepole, kidole kikienda juu ya alama, na nikamwona Shaylene anasogeza midomo pamoja naye. Nikajisemea, huyo ndiye. Nilifurahi sana, nikajiona mjanja.

Ndipo kipaza sauti cha ukutani kikalia. Sauti ya Bi. MacAskill ikasema mara mbili kwamba shule nzima ijifungie.

Lilikuwa zoezi. Hufanywa mara mbili kwa mwaka, ili watoto wajue la kufanya mtu mwenye bunduki akiingia. Barua pepe ilikuwa imetumwa Jumatatu na sikuifungua. Sheria zake nazijua usingizini: funga mlango kwa ufunguo, zima taa, shusha mapazia, watoto wote waketi sakafuni kwenye kona isiyoonekana kutoka dirisha la mlangoni, na asisikike mtu. Polisi hupita koridoni akijaribu vitasa. Darasa likisikika linaandikwa kuwa limeshindwa, na mwalimu anaitwa ofisini.

Nilifanya yote bila kufikiri. Miaka ishirini na mbili ya kufundisha imenifunza kuitii sauti ile. Nilipiga kabari teke, nikafunga mlango, nikazungusha ufunguo, na mlio wa kitasa ndio ulionifanya nigeuke nimtazame.

"Ekien," akasema. "Mlango."

"Ni zoezi tu, Shangazi. Dakika chache."

"Mlango, Ekien."

Nilimshika kiwiko, nikampeleka kwenye kona. Watoto walikuwa wameshajibanza pale, magoti kifuani. Hakukataa. Alishuka sakafuni taratibu, akijishikilia ukutani, kofia ikampinda, akakaa kati ya Shaylene na yule MacNeil. Nikazima taa.

Watoto wa siku hizi wanajua kukaa kimya gizani. Lilikuwa jambo la kusikitisha hata kabla ya yaliyofuata. Katika kimya kile Shangazi akaanza kusali kwa Kimi'kmaq. Kwanza ilikuwa pumzi tu, halafu ikawa sauti, halafu ikawa sauti ya mtoto. Sijui nieleze vipi. Mwanamke wa miaka themanini na moja alikuwa anasali kwa sauti nyembamba, ya haraka haraka, ya mtoto anayeita mama yake. Mwisho wa korido nikasikia viatu vizito na kitasa kinatikiswa. Halafu kitasa kingine, karibu zaidi.

Nikamwinamia. Nikamwekea mkono mdomoni. Nikamwambia: "Nyamaza. Hapa usiongee hivyo."

Na nilisema kwa Kiingereza.

Sina maelezo. Darasani ninapoamrisha huamrisha kwa Kiingereza, amri ndivyo zinavyonitoka. Hayo nimejiambia mara nyingi sana na hayajanisaidia. Shangazi alikata sauti palepale, katikati ya neno. Kisha akaichukua mikono yake miwili akaikalia. Aliiingiza chini ya mapaja, viganja chini, akaketi juu yake, akatazama mbele. Alikuwa anaificha isipigwe. Nilielewa mara ile ile, na sikufanya lolote, kwa sababu viatu vilikuwa vimefika mlangoni kwetu.

Kitasa kilitikiswa, polisi akapita. Hapo Shaylene akasimama. Nilimwashiria kwa mkono akae, nikamwashiria tena kwa hasira. Alipita katikati ya wenzake gizani, akazungusha ufunguo, akafungua mlango wote, akauvutia kiti usijifunge. Mwanga wa korido ukaingia mpaka kwenye kona. Halafu akarudi akaketi pale pale alipokuwa, kando ya Shangazi.

Darasa letu liliandikwa kuwa limeshindwa. Polisi akauliza nani kafungua. Fomu ina nafasi ya jina, nikaliandika jina lake. Shaylene alinyimwa mapumziko wiki nzima kwa kosa la kuhatarisha wenzake, na mimi ndiye niliyetia sahihi.

Njiani kurudi nyumbani Shangazi alikuwa ameishika ile foronya mapajani kwa mikono miwili. Niliomba radhi. Niliomba radhi kuanzia mjini mpaka kwenye daraja, na kuanzia kwenye daraja mpaka kwake. Gari liliposimama akafungua mkanda mwenyewe.

"Asante kwa kunileta, Stephen," akasema kwa Kiingereza, na akashuka.

Nilidhani ni utani. Ni mtu wa utani. Jioni nikampelekea supu ya mkunga, nikamsalimu kwa lugha yetu kama kawaida, akanijibu kwa Kiingereza kwamba supu inanukia vizuri. Kwa Kiingereza kile walichomtia kwa fimbo, kisafi, cha heshima, kama anazungumza na daktari. Hakuwa amenuna. Alinikaribisha, akanikatia mkate, akaniuliza habari za gari langu. Jirani alipoingia akageuka, wakaongea Kimi'kmaq wakicheka, akanigeukia mimi: Kiingereza. Tangu siku ile mpaka anakufa hakuniambia neno hata moja kwa lugha aliyonilelea.

Novemba nilimpelekea tumbaku. Nyingi, nzuri, nimeifunga kwenye kitambaa chekundu. Niliiweka mezani mbele ya kadi zake za bingo, nikamwambia nimekosa, nikamwomba anifundishe, hapa hapa jikoni, wakati wowote anaotaka. Aliitazama muda mrefu. Mtangazaji akataja namba mbili tatu na yeye hakuziweka alama.

"Mimi sivuti," akasema kwa Kiingereza, akaisogeza kwangu kwa kidole kimoja.

"Shangazi, tafadhali."

"Wewe ni mwalimu, Stephen. Shule umeisoma vizuri."

Desemba nilijaribu tena, na Januari. Januari mapafu yake yalianza kujaa maji, wakamlaza siku sita, akarudi na chupa ya oksijeni yenye magurudumu aliyoipa jina la marehemu mumewe, kwa sababu, aliwaambia watu, inamfuata kila mahali na haina faida. Haya nilisimuliwa. Mimi hakunitania tena.

Halafu Jumamosi moja ya Februari, theluji imefika magotini, nikakuta viatu vidogo vya baridi kwenye ngazi zake. Nilifungua mlango. Mezani lilikuwa daftari, limefunguliwa ukurasa wa kwanza, na Shangazi na Shaylene wameinamisha vichwa juu yake. Pembeni ya sukari kulikuwa na kibunda kidogo cha tumbaku kilichofungwa kwa utepe wa nywele. Baadaye nilijua kwamba Shaylene aliichota kwenye kopo la babu yake, akatembea peke yake kilomita mbili na nusu, akaiweka mezani bila kusema kitu. Shangazi ndiye aliyelazimika kumuuliza shida yake.

"Shida yangu nataka mstari wa pili," alikuwa amejibu.

Waliponiona wakanyamaza wote wawili.

"Tuna kazi, Stephen," Shangazi akasema. "Ukitaka kusaidia, kuni zimepungua."

Basi nikapasua kuni. Kila Jumamosi nilimchukua Shaylene kwao, nikamshusha mlangoni kwa Shangazi, nikaenda nyuma ya nyumba kupasua kuni. Dirisha la jikoni lilikuwa na ufa, sauti zao nilizisikia lakini si maneno. Sauti nzee inasema, sauti ndogo inarudia, nzee inasahihisha, ndogo inarudia. Mara nyingine kicheko. Wivu uliniuma, sitaficha. Nilimwonea wivu mtoto wa miaka kumi na mmoja mpaka nikakosea shoka na kukata kiatu changu. Na wakati huo huo nilikuwa nahesabu. Sala moja ina alama sitini na kitu, na kila alama ina maneno yake ya kushika kwa kichwa. Sala ziko tisa. Nilijua hali ya pumzi za Shangazi. Oktoba, Novemba, Desemba, Januari: kila Jumamosi ya miezi ile ilikuwa mikononi mwangu, nikaitupa kwa neno moja nililolisema gizani.

Jumamosi mbili Shangazi alikuwa amelazwa tena. Moja barabara zilifungwa kwa theluji. Nyingine Shaylene aliugua homa. Zikabaki chache.

Garini nilimuuliza mara moja tu, "Mmefika wapi?"

"Amesema nisikwambie, Mwalimu," akajibu akitazama nje. Kisha, kwa kuwa ni mtoto mwenye huruma, akaongeza: "Si kwa ubaya."

Wiki ya pili ya Aprili walimpeleka hospitali na safari hii hawakumrudisha. Nilikaa naye siku mbili. Siku ya pili mchana alifungua macho, akanitazama, akanijua, nikainama karibu. Nilikuwa nangoja neno. Lolote. Hata angenitukana ningelipokea kwa mikono miwili, mradi liwe letu.

"Umekula?" akauliza.

Ndilo swali aliloniuliza kila siku ya utoto wangu nikiingia mlangoni. Aliliuliza kwa Kiingereza.

"Nimekula, Shangazi," nikajibu kwa Kimi'kmaq.

"Vizuri," akasema kwa Kiingereza, akafumba macho. Alikufa kesho yake asubuhi.

Tulimlaza sebuleni kwake, na tangu saa nane mchana watu walijaa mpaka barazani. Jikoni binamu yangu Plansue alikuwa anawasimulia wanawake jinsi Shangazi alivyompigia simu mtangazaji wa bingo kumwambia akaoe ili apunguze kisirani, na watu walikuwa wanacheka mpaka wanashika meza, ndivyo tunavyolia sisi. Lakini ilipokaribia jioni kicheko kikapungua. Tulikuwa tumempigia simu msomaji wa kijiji cha ng'ambo ya ziwa, naye alikuwa na msiba wake mwenyewe. Watu wakaanza kunitazama. Wanajua nafanya kazi gani. Mama mmoja mzee aliyetoka shule ile ile na Shangazi, mwaka ule ule, akaniuliza mbele ya watu, kwa upole, akiamini kabisa: "Ekien, utatusomea wewe?"

"Sijui kusoma," nikamwambia.

"Si ndiwe unayefundisha?"

"Ndiyo, mama. Sijui kusoma."

Akanipigapiga mkono kama mtu anayempoza mtoto, na hilo lilinichoma kuliko ambavyo matusi yangenichoma.

Ndipo mzee Isadore akaingia na mjukuu wake. Shaylene alikuwa amesukwa mikia miwili na amevaa sketi ya riboni iliyomzidi urefu, ameikunja kiunoni. Hakumsalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha msomaji, upande wa kichwa, akaketi, miguu haikufika sakafuni. Daftari lilikuwa juu ya blanketi, mkononi mwa Shangazi. Alilitoa taratibu. Nyumba ikatulia mpaka jikoni.

Akasoma sala ya kwanza. Sauti yake ni ndogo, na mahali pamoja alikwama, akarudi mwanzo wa mstari, akapita. Lakini alisoma. Kituo kwa kituo, pumzi kwa pumzi, kwa lafudhi ya Shangazi, hata ule mvuto wake mwishoni mwa sentensi. Tulipoitikia mara ya kwanza nyumba nzima ilitikisika, wazee walikuwa wanalia waziwazi, nami niliitikia pamoja nao, na ilikuwa mara ya kwanza tangu Oktoba nizungumze lugha yetu ndani ya nyumba ile nikawa na mtu wa kuzungumza naye. Nilipiga magoti karibu na kiti chake. Nilimshukuru Mungu kwa mtoto yule, na kwa utepe wake wa nywele.

Sala ikaisha. Tukaitikia mwisho wake. Jioni ya kwanza sala ni tatu, kila mtu anajua, kwa hiyo hakuna aliyeinuka. Tulingoja.

Shaylene akafungua ukurasa wa pili. Aliweka kidole juu ya alama ya kwanza, akakisogeza mpaka ya pili, akakirudisha. Midomo yake ilifunguka ikafungwa. Akautazama uso wa Shangazi, kwa muda, kana kwamba angemkumbusha. Kisha akainua macho akanitafuta mimi, kama anavyofanya darasani.

"Mwalimu," akasema. "Hapa ndipo tulipofika."